UZI: Unaajiri mtaalamu wa tovuti ya biashara? Ya kukagua kabla hujatoa depoziti

Fundi_Ntinda
Wadau wa Uganda, habari za jioni. Humu ndani kila mara mtu anauliza "tovuti ni pesa ngapi?", mmoja anamjibu laki sita, mwingine milioni nne, kisha uzi unageuka ugomvi. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, maana hawauzi kitu kimoja. Naweka hapa ya kuuliza kabla ya bei, wengine ongezeeni.

Swali la kwanza kwa fundi: domeni (anwani ya tovuti) itasajiliwa kwa jina la nani, na akaunti itafunguliwa kwa imeili ya nani? Akijibu "usijali, hiyo niachie mimi", msimamishe hapo hapo. Mafundi wengi wana akaunti moja ya jumla ambamo wamesajili domeni za wateja thelathini. Siku akibadilisha kazi au akaenda Dubai, taarifa za kulipia upya zinaendelea kuingia kwenye imeili yake ambayo haisomi tena. Domeni ikiisha muda, tovuti na imeili za ofisi vinakufa siku moja, na wewe mwenye biashara huna pa kuingilia.

Kwa .com, ikipita tarehe kuna siku chache za huruma ambazo kila msajili (kampuni inayouza domeni) ana zake. Baada ya hapo inaingia siku 30 za kukombolewa, na ada ya kukomboa ni kubwa kuliko bei ya kawaida mara kadhaa. Zikiisha hizo, siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote duniani anaweza kuichukua.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua imeili ya kampuni ambayo haitegemei domeni yenyewe, Gmail ya kawaida inatosha. Ukisajili domeni kwa info@ ya domeni ile ile, ikifa, ujumbe wa kubadilisha nywila nao hautafika: umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Akaunti ifungue mwenyewe, lipa mwenyewe, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye laini ya kampuni (siyo laini ya kijana wa dukani), kisha mpe fundi ruhusa ya kuingia kurekebisha DNS (mipangilio inayoelekeza tovuti na imeili) tu. Wasajili wengi wana sehemu ya kumwongeza mtu bila kumpa nywila.

.co.ug au .com? Ukiweza chukua zote mbili, moja ielekezwe kwa nyingine. Ukimudu moja tu na wateja wako wako humu nchini, .co.ug inatosha kabisa.

Mpakani_Malaba
Nyongeza: aliyeshatengenezewa zamani aangalie leo domeni yake ina jina la nani. Kwa .ug nenda whois.co.ug, kwa .com nenda lookup.icann.org. Andika domeni, soma mwenye jina na tarehe ya kuisha.

Seva_na_Waya
@Mpakani_Malaba tarehe ya kuisha utaiona, jina si lazima. Tangu 2018 wasajili wengi wa .com wanaficha taarifa za mwenye domeni, kwa hiyo usipoona jina lako usikimbilie polisi, na ukiliona usilale. Kipimo ni kimoja: je, unaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili bila kumpigia mtu simu? Kama huwezi, hiyo domeni unaitumia tu.

Jinja_Lodge
Swali. Kuna fundi ananipa bei moja ya kila kitu: domeni, hostingi (nafasi ya tovuti kwenye seva), tovuti ya kurasa 6 na imeili. Ni vibaya?

Fundi_Ntinda
Si vibaya ndugu yangu, mradi ankara iwe na mistari inayoachana. Domeni kivyake, hostingi kivyake (mwaka mmoja au miwili?), kazi ya kutengeneza kivyake, matunzo kivyake. Kisha muulize bei ya mwaka wa pili. Bei ya jumla huwa tamu mwaka wa kwanza kwa sababu hostingi na domeni nyingi huuzwa kwa punguzo la mwanzo, na wa pili unakuja na bei kamili. Mwambie aiandike kwenye ankara ile ile.

Hajati_Bombo
Assalam aleikum. Mnaongelea funguo, sawa, lakini ugomvi mwingi hauanzii huko. Unaanzia kwenye kazi isiyoandikwa. Mwenye duka anasema "tovuti nzuri ya kisasa", fundi anasikia kurasa tano za kiolezo (muundo uliotengenezwa tayari), na kila mmoja yuko sahihi kichwani mwake.

Karatasi ya kazi, hata ya kurasa mbili, iseme: kurasa ni zipi kwa majina (Nyumbani, Huduma, Bei, Picha, Mawasiliano, siyo "kurasa 5"); nani anaandika maneno; nani analeta picha na ngapi; lugha ni ngapi; fomu zipo zipi na kila moja inatuma wapi; marekebisho mara ngapi. Mara mbili kwa kila ukurasa ni haki kwa wote. Ya tatu ilipiwe, la sivyo fundi atachoka na wewe hutaacha kubadilisha rangi.

Halafu jambo ambalo wenye biashara hatupendi kuambiwa: kinachochelewesha tovuti kwa kawaida si fundi, ni sisi. Kurasa 6 mtu anazimaliza ndani ya wiki 3 au 4 akiwa na maneno na picha mkononi. Akingoja umtumie "maelezo ya kampuni" kwa WhatsApp kipande kipande, itafika miezi mitatu. Andikeni tarehe ya nyinyi kukabidhi maneno, na mkubaliane kwamba mkichelewa wiki moja, tarehe ya mwisho inasogea wiki moja.

Malipo: 40 kwa 100 kuanza, 30 ukikubali muundo wa ukurasa wa mwanzo na wa ndani mmoja, 30 ya mwisho ukishaingia mwenyewe kwenye akaunti zote. Neno "imekwisha" lisilipiwe peke yake. Hiyo 30 ndiyo inayowafanya watu wakumbuke nywila.

Fundi_Ntinda
@Hajati_Bombo webale nnyo (asante sana), hapo kwa maneno umegonga penyewe. Niongeze: ukiona fundi anaanza kuchora kabla ya kuuliza unauza nini na kwa nani, anapamba tu. Rangi na logo si mwanzo. Mwanzo ni kujua mtu akifungua ukurasa atafanya nini: apige simu, aandike WhatsApp, aweke nafasi ya chumba, au alipe.

Na kitufe cha WhatsApp kijaribiwe. Kiungo sahihi ni wa.me/2567 na tarakimu zinazofuata, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Wengi wanaweka 07 hivi hivi, mteja anabonyeza na kuambiwa namba haipo.

Mpakani_Malaba
Lakini kwa nini mtu ajisumbue na haya yote wakati wateja wako Facebook na WhatsApp?

Seva_na_Waya
Januari 2021 Facebook ilifungwa nchini, na aliyekuwa na orodha ya bidhaa huko peke yake alibaki kutegemea wateja wenye VPN (programu ya kukwepa kizuizi). Jibu fupi ni hilo. WhatsApp endelea nayo, ila bidhaa na bei zikae mahali pako.

Sasa malipo ya simu, maana hapa ndipo pesa zinapotea na wanaoajiri hawajui cha kuuliza. Nieleze taratibu.

Mteja anaandika namba yake kwenye tovuti. Tovuti inatuma ombi MTN. Simu ya mteja inaonyesha ujumbe wa kuthibitisha, anaweka PIN. Fundi asiyejua anateleza katikati. Mtambo wa MTN MoMo (huduma ya pesa kwa simu) ukipokea ombi unajibu 202. Maana yake ni "nimelisikia ombi lako", haina maana ya "pesa imeingia". Kuna tovuti zinazoona 202 na kumwandikia mteja papo hapo "Malipo yamepokelewa, asante". Mteja hajagusa hata PIN. Anayejua mchezo huo atachukua mzigo bure.

Iliyo sahihi: kila ombi lina namba yake ya pekee ya kumbukumbu, na tovuti inatumia namba hiyo kuuliza hali ya muamala hadi ipate SUCCESSFUL au FAILED. Ikiwa bado PENDING, ukurasa useme "tunasubiri uthibitishe kwenye simu". Usitegemee tu taarifa ambayo MTN inarudisha yenyewe, kwa sababu seva yako ikiwa imelala dakika hiyo, taarifa inapotea. Mteja kakatwa, wewe huna oda.

Kosa la pili: mteja akiona ukurasa umeganda anabonyeza tena. Tovuti mbovu inatengeneza ombi jipya lenye namba mpya, naye anakatwa mara mbili. Oda moja inayosubiri isikubali ombi la pili hadi la kwanza lijulikane limeishia wapi.

La tatu ni la kuchekesha. Uwanja wa majaribio wa MoMo unatumia sarafu ya EUR (yuro), siyo UGX (shilingi ya Uganda). Fundi anajaribu, kila kitu kinapita, mnaenda hewani, malipo yote yanakataliwa kwa sababu alisahau kubadilisha sarafu. Na shilingi yetu haina senti: duka la WooCommerce (nyongeza ya duka kwenye mfumo wa tovuti wa WordPress) liwekwe desimali 0, la sivyo bei itasomeka 45,000.00 na mtambo unaweza kuikataa.

Kabla ya kupokea kazi, kaa na fundi mezani na simu mbili, moja MTN moja Airtel, mjaribu haya kwa shilingi 500 za kweli: kulipa vizuri, kukosea PIN, kukataa, kulipa bila salio la kutosha, kuacha ujumbe bila kuugusa hadi uishe, na kuweka PIN kisha kufunga kivinjari mara moja. La mwisho ndilo linalofichua zaidi. Oda lazima ionekane imelipwa hata kama mteja hakurudi kwenye ukurasa.

Jinja_Lodge
Mzee, hapo umenitisha. Je, nitumie kampuni ya kati badala ya MTN na Airtel moja kwa moja?

Seva_na_Waya
Kwa lodge ndogo, tuseme ya vyumba 12, ndiyo. Pesapal au Flutterwave wanakupa MTN, Airtel na kadi kwa mpigo mmoja, na wanakata asilimia yao kwa kila muamala. Kwenda moja kwa moja ni kazi mbili tofauti za kuunganisha, kisha kuzitunza. Inalipa kama miamala ni mingi kila siku. Ila lolote uchague, akaunti ya kupokelea pesa ifunguliwe kwa jina la biashara na hati zako za URSB (ofisi ya usajili wa biashara). Ikifunguliwa kwa jina la fundi "kwa muda tu", pesa za wageni wako zinaingia kwake kwanza.

Hajati_Bombo
Na imeili? Fomu nyingi za mawasiliano humu mjini hazifiki popote. Mteja anajaza, anaambiwa asante, ofisini hakuna kitu.

Seva_na_Waya
Kwa kawaida ni vitu viwili. Kwanza, tovuti inatuma moja kwa moja kutoka kwenye seva bila kuingia akaunti halisi ya imeili. Gmail haimjui mtumaji, inatupa kwenye taka, na tangu Februari 2024 wamekaza zaidi. Dawa ni kutuma kwa SMTP (njia ya kutuma ukiwa umeingia akaunti halisi) ya imeili ya kampuni, na kuweka SPF, DKIM na DMARC (rekodi zinazothibitisha mtumaji ni wa domeni yako) kwenye DNS. Angalia SPF iwe rekodi moja tu. Fundi wa kwanza aliweka ya hostingi, wa pili akaongeza ya Google pembeni, sasa ziko mbili na zote hazihesabiki. Zinaunganishwa ndani ya mstari mmoja.

Pili, fomu imewekwa ionekane imetoka kwa mteja mwenyewe. Yaani seva yako inadai kuwa ni Gmail ya mteja. Hiyo ni kughushi machoni pa Gmail. Mtumaji awe domeni yako, imeili ya mteja ikae sehemu ya "jibu kwa".

Jaribio: tuma kutoka kwenye fomu ukitumia anwani ya Gmail, kisha ya Yahoo, uone zote zimefika kwenye kikasha cha ofisi na siyo kwenye taka.

Arua_Maneno
Niseme kuhusu uzito, maana huyu anayefungua tovuti yako yuko kwenye boda akitumia bando. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa 12%, mtu hatamaliza MB zake kuangalia picha ya jengo lako.

Picha ya simu ya kisasa ina upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Fundi mvivu anaipandisha ilivyo, kisha anaipunguza kwa macho tu. Mteja bado anapakua MB 5. Picha kubwa ya juu ipunguzwe hadi pikseli 1600, igeuzwe WebP (aina nyepesi ya faili la picha), ishuke chini ya KB 250. Picha ndogo za bidhaa KB 60 zinatosha. Zile picha tano zinazojibadilisha zenyewe kwenye ukurasa wa mbele mwambieni aziondoe. Wageni hawangoji ya tatu.

Ipitishe tovuti kwenye PageSpeed Insights ya Google (kipimo cha kasi), upande wa simu, siyo wa kompyuta. Kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Fundi akikuonyesha alama 98 hakikisha hajakupigia picha upande wa kompyuta, huo hupendeza kila wakati. Kisha ifungue kwenye Itel au Tecno ya bei ya chini, ukiwa nje ya Wi-Fi ya ofisi yake.

Kiswahili: kama unauza Busia au Malaba au unapokea wageni wa Kenya na Tanzania, kurasa za Kiswahili ziandikwe na mtu. Plagini ya kutafsiri yenyewe inaweza kukuandikia "Nyumbani" kila penye "home", hata penye huduma za uuguzi wa majumbani. Na ukurasa utambulishwe kuwa ni "sw" kwenye msimbo wake, ili Google na visoma-sauti vijue.

Mhasibu_Kla
Upande wa vitabu, haraka haraka.

Uliza kama bei ina VAT ya 18% ndani au nje. Fundi aliyesajiliwa kwa VAT akupe ankara ya EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi), ya Word haitoshi kudai kodi yako ya manunuzi. Kama kampuni yako imeteuliwa na URA kukata kodi ya zuio, malipo yanayozidi milioni 1 yanakatwa 6%, isipokuwa fundi ana cheti cha msamaha. Mwambieni mapema, asidhani mmempunja.

Na tovuti yenye fomu inakusanya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu hata wenye maduka: mjisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari), na tovuti iwe na ukurasa unaosema mnachukua nini, kwa nini, na mtu afanye nini akitaka kifutwe. Msikubali ule ulionakiliwa kutoka tovuti ya Ulaya wenye jina la kampuni nyingine katikati.

Mpakani_Malaba
Nimebadilisha mawazo kidogo. Sasa huyo fundi unampimaje kabla? Wote wana picha nzuri za kazi zao.

Fundi_Ntinda
Picha usiangalie. Omba anwani za tovuti tatu zilizo hewani zaidi ya mwaka mmoja, uzifungue kwa simu yako. Tovuti ya wiki jana kila mtu anaiweza. Ya mwaka inaonyesha kama kuna anayeitunza. Angalia kama kufuli la HTTPS linafanya kazi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku zisizozidi 90 na hujihuisha vyenyewe vikiwekwa sawa, kwa hiyo onyo jekundu kwenye tovuti ya mteja wake ni la kuuliza. Kisha mpigie mwenye biashara, muulize maswali mawili: nywila unazo? Ukitaka kubadilisha bei ya bidhaa, unabadilisha mwenyewe?

Kama anatumia WordPress, muulize kiolezo na plagini za kulipia amenunua wapi na leseni iko kwa nani. Zipo nakala zinazogawiwa bure mitandaoni ambazo zimepandikizwa mlango wa nyuma. Tovuti inaenda vizuri miezi kadhaa, siku moja Google inaonyesha jina lako na chini yake matangazo ya kamari kwa Kijapani. Kuisafisha kunaweza kugharimu kuliko leseni iliyokwepwa.

Kingine: wakati wa ujenzi, WordPress huwekewa alama kuzuia injini za utafutaji, kwenye mipangilio ya Kusoma. Wanasahau kuiondoa. Miezi minne mwenye duka analalamika haonekani Google, kumbe tovuti yenyewe ndiyo inayoifukuza Google. Siku ya kukabidhiwa, tazama hiyo alama kwa macho yako, kisha Search Console (chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji) ifunguliwe kwa Gmail ya kampuni.

Jinja_Lodge
La mwisho. Tovuti ya zamani ipo, imeili za ofisi zinafanya kazi. Nikihamia kwa fundi mpya nitakosa barua?

Seva_na_Waya
Utazikosa kama atabadilisha seva za majina (zinazotunza DNS) bila kunakili rekodi. Akifanya hivyo, rekodi za MX (zinazoelekeza imeili) zinabaki kwenye DNS ya zamani na imeili zinakatika hata kama tovuti mpya inapendeza. Mwambie apige picha ya rekodi zote za sasa kwanza: A, MX, TXT, CNAME. Siku moja kabla ashushe TTL (muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa) hadi sekunde 300. Aziandike zote upande mpya, ndipo ageuze. Fanyeni Jumamosi jioni, siyo Jumatatu asubuhi.

Kama imeili zenu zinahifadhiwa kwenye hostingi ile ile ya zamani, za nyuma zihamishwe kwa IMAP (njia ya kunakili barua kutoka seva hadi seva) kabla ya kugeuza. Na hostingi ya zamani msiifute mwezi wa kwanza, kuna wateja ambao DNS zao huchelewa na barua chache zitaendelea kuangukia kule. Ingia kila siku mbili uzichukue.

Jinja_Lodge
Sawa mzee. Kesho naanza na nywila ya msajili.